Fundi wa Kihonda aliyeiwasha pikipiki yangu iliyolala miezi saba

Kama unakaa Morogoro na una pikipiki iliyolala muda mrefu, ipeleke Kihonda kwa yule mzee mwenye kibanda cha mabati nyuma ya mashine ya kusaga, kabla hujampa mtu mwingine hata shilingi ya spea. Kibanda hakina jina wala namba ya simu ukutani. Kina mwarobaini mbele, benchi moja, na tairi kuukuu limening'inizwa kwenye nguzo. Ukiliona hilo tairi umefika. Nimelipa bei aliyoitaja, na hajui kama ninaandika haya.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, CC 125, injini ya mtindo wa CG. Honda ndio walioitoa injini hiyo mwaka 1976. Valvu zake waliziendesha kwa vijiti badala ya cheni, ili ivumilie barabara na matunzo ya nchi kama zetu, ambako oili hubadilishwa siku pesa ikipatikana. Viwanda vya China vikaiiga, na fundi yeyote wa hapa ameshaifungua mara nyingi. Spea zake zipo kila duka. Kwa hiyo nilitarajia kazi ya saa moja.

Niliiegesha mwishoni mwa Oktoba. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ya mapacha, daktari akanikataza kuipanda kabisa. Nikaiweka kwenye baraza ya nyuma, tangi nusu, nikaifunika turubai, basi. Watoto walizaliwa Februari kwa upasuaji. Likizo ya uzazi kwa mapacha ni siku 100, zikaisha Mei mwishoni. Shule ninayofundisha iko kilomita 14 kutoka nyumbani, nusu yake vumbi, na bodaboda wa kunipeleka na kunirudisha anataka 10,000 kwa siku. Mwenye watoto wawili wa nepi anajua hiyo hela ni kubwa kiasi gani.

Haikuwaka. Stata ilitoa mlio mmoja mdogo, kimya. Mdogo wangu akapiga kiki mpaka shati likalowa mgongoni, akaisukuma mtaani na gia ya pili, watoto wa jirani wakamsaidia kusukuma. Haikukohoa hata mara moja.

Gereji ya kwanza siitaji jina. Walimtuma kijana nyumbani. Akafungua swichi, akaona taa ya nyutro haiwaki, akasema betri imekufa. Nikanunua mpya, 45,000. Stata ikazunguka vizuri, injini haikuwaka. Akasema basi ni CDI, kile kiboksi kinachopeleka umeme wa cheche kwenye plagi. Nikatoa 18,000, akafunga nyingine, vilevile. Siku ya tatu akaja na habari ya kabureta mpya, ile inayochanganya petroli na hewa, 40,000. Hapo nikamwambia aache kwanza. Nilikuwa nimetoa 63,000 na hakuna kitu hata kimoja alichokifungua akanionyesha kimeharibika. Alikuwa anabadilisha tu, kitu baada ya kitu, kwa pesa yangu, na kila mara anasema ana uhakika.

Mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa mzee. Tuliipakia kwenye bajaji ya mizigo tukafika saa tatu asubuhi. Mzee hakushika spana. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akaniuliza: imelala tangu lini, ilikuwa inanyeshewa, tangi liliachwa na mafuta kiasi gani, na siku ya mwisho ilizimwa ikiwa nzima au ilikuwa inasumbua? Nikamjibu ilikuwa nzima. Akasema, "Kama ilizimwa nzima, mwalimu, CDI haifi kwa kulala. Mafuta ndiyo yanayochacha."

Akafungua mfuniko wa tangi akaniambia ninuse. Petroli nzuri inachoma pua. Ile ilikuwa na harufu nzito ya vanishi, kama duka la fanicha. Akaitoa yote kwenye chupa za maji, na ndani ya chupa rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyopoa. Chini kabisa palikuwa na tabaka jembamba la maji na vumbi jekundu la kutu. Akanieleza kwamba tangi lililojaa nusu linabaki na hewa, usiku wa baridi hewa hiyo inatoa umande, na maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakwenda kukaa chini, palepale koki inapochukulia.

Chupa zikapelekwa mbali, mfuniko ukafungwa, ndipo akaanza kupima moto wa plagi. Akachomoa plagi, akairudisha kwenye kofia yake, akaegemeza chuma cha plagi kwenye injini, akamwambia dogo, kijana anayemsaidia kazi, apige kiki. Cheche ya bluu, inalia "ta, ta". Kisha akafanya jambo ambalo kwangu peke yake linatosha kumpa nyota zote tano. Alifungua waya wa betri yangu mpya, akamwambia dogo apige kiki tena. Cheche ileile. "Umeona? Hii moto wake unatoka kwenye sumaku ya injini, siyo kwenye betri. Betri ni ya stata, honi na taa." Akairudishia waya papo hapo, akanikanya nisije nikaiendesha bila betri, balbu zitaungua.

Nataka kuwa mkweli hapa. Sisemi betri ya zamani ilikuwa nzima. Betri iliyokaa miezi saba bila chaji inaweza kufa, na mzee mwenyewe alisema huenda ilikuwa imekwisha. Lakini haikuwa ndiyo inayozuia pikipiki kuwaka kwa kiki, na fundi aliyekuja kwangu alipaswa kujua hilo kabla ya kunituma dukani.

Akanionyesha tena ile plagi. Kavu. Baada ya kiki zote zile ilitakiwa iwe imelowa petroli, na ilikuwa kavu kama kijiti cha kiberiti. Moto upo, plagi kavu, basi mafuta hayafiki. Nimefundisha sayansi darasa la sita miaka tisa, na sikumbuki mara ya mwisho niliyosikia mtu akipanga hoja vizuri namna hiyo akiwa na oili mpaka kwenye viwiko.

Akalegeza skrubu ya chini ya kabureta. Yalitoka matone mawili ya njano, yakakatika. Alipofungua kibakuli, ndani mlikuwa na utando wa kijani unaonata kama ulimbo wa fenesi. Petroli ikikaa, ile sehemu nyepesi inayoshika moto huruka yote, na masalia yanaganda kwenye vitundu. Akatoa jeti ndogo, kipande chenye kitundu cha kupitishia petroli, akaielekeza juani, akanipa nichungulie. Sikuona mwanga. Jeti kubwa ilikuwa na mwanga kidogo upande mmoja. Hakutumia sindano wala waya wa chuma, alisema chuma kinapanua tundu na pikipiki itakunywa mafuta milele. Alichambua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, akapitisha taratibu, akaloweka kwenye petroli safi, akapuliza kwa kompresa, akanirudishia nitazame. Safari hii niliona jua zima, duara dogo kabisa. Kabureta ile ile iliyotakiwa kutupwa kwa 40,000.

Tangi alilisafisha kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Alitia petroli kidogo na nati 20, dogo akalitikisa kama kayamba kwa zaidi ya nusu saa, wakamwaga, wakarudia. Nati zilipotolewa dogo alizihesabu kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka 20, na mzee hakuendelea na kitu kingine mpaka alipoisikia ya mwisho.

Kwenye boksi la filta ya hewa mlikuwa na kiota cha panya. Nyasi, maganda ya mchele, na vipande vya kitambaa ambavyo nilivitambua mara moja, ni kanga yangu niliyoipoteza kwenye kamba mwezi wa Novemba. Sponji ya filta ilikuwa imekauka, ukiigusa inapukutika. Nikatumwa dukani kununua nyingine pamoja na plagi. Na hili ni la kujua: hauzi spea kabisa. Anakuandikia kwenye karatasi, unakwenda mwenyewe, unarudi na risiti yako. Kwa mwenye haraka ni kero, jua lilikuwa kali na duka siyo jirani. Mimi baada ya wiki ile niliifurahia kero hiyo.

Kabla ya kuiwasha alitia matone machache ya oili kwenye tundu la plagi, akasukuma kiki kwa mkono, polepole, mara kumi hivi, ili silinda iliyokauka isikwanguke. Akamwaga oili ya zamani, akatia lita moja mpya. Akaingiza gia, akabana klachi, akaisukuma mbele na nyuma mpaka ikaachia, kwa sababu sahani za klachi zikilala muda mrefu huwa zinashikana, na ukiwasha ukaingiza gia inaweza kuruka na wewe.

Choki juu. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tatu ikawaka, ikazima. Ya nne ikawaka ikabaki, ikitoa moshi mweupe wa ile oili kwa kama dakika mbili, halafu ikatulia, ule mlio wake wa zamani wa kugonga kidogo. Nilisimama pale na maziwa yananitoka kwenye nguo maana saa za kunyonyesha zilikuwa zimepita, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Mzee akagusisha mita kwenye betri injini ikiwa inanguruma: volti 14.1. Chaji inaingia. Akasema, "Haya, Mama Mapacha, kanyonyeshe."

Ilikuwa saa tisa alasiri. Ufundi wote, kuanzia tangi mpaka klachi, 25,000. Plagi 4,000, filta 5,000, oili 12,000, petroli lita mbili kama 6,000. Jumla 52,000, chini ya nilizotoa kule mwanzo bila pikipiki kuwaka. Sponji na plagi ya zamani alinifungia kwenye mfuko nirudi navyo nyumbani.

Yasiyopendeza yapo. Anafanya pikipiki moja kwa wakati na hakubali kuharakishwa. Waliokuja baada yangu saa nne walikuwa bado wapo nilipoondoka. Hatoi risiti ya ufundi, niliandika mwenyewe kwenye daftari akatia saini. Kivuli cha mwarobaini kinahama mchana na benchi linabaki juani, mama mwenye mtoto atapata taabu. Choo ni cha kuomba nyumba ya jirani. Na waya wa klachi aliupaka oili lakini bado ulikuwa mgumu, baada ya wiki mbili nikarudi akaubadilisha, waya 5,000, ufundi hakuchaji.

Siku hiyo ya pili nilimuuliza nifanye nini likizo ijayo. Alinijibu nifunge koki na kuiacha injini iwake mpaka izime yenyewe kabureta ikauke, tangi nilijaze mpaka juu, betri niitoe niiweke ndani na kuichaji kila mwezi, na mdomo wa filta niuzibe kwa tambara panya wasiingie, tambara jekundu, ili nilione na nilitoe kabla ya kuwasha. Halafu akapiga magoti akapitisha kidole kwenye tairi la nyuma. Lina nyufa ndogondogo pembeni, upande ule uliokuwa umekaa chini miezi yote saba. Amesema nilibadilishe kabla ya mvua za vuli. Matairi hauzi, ameniandikia saizi kwenye karatasi.