Wiki moja na kempavani Omani: bahari ya Sur, upepo wa Al Ashkharah na mchanga wa Sharqiya

Kwa yeyote anayefikiria kukodi kempavani, yaani vani ya kulala ndani, huko Omani, jibu langu ni hili: kodi, lakini ikodi kwa ajili ya pwani. Mchangani haiingii, na mkataba wenyewe unakataza. Sisi tulikuwa watatu, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka tisa. Tulitoka Mombasa kumtembelea shangazi Maskati, tukaamua tuizunguke Sharqiya, upande wa mashariki wa Omani: kushuka na bahari mpaka Sur na Ras al-Jinz, kuendelea hadi Al Ashkharah, kisha kurudi bara kwa njia ya Bidiyah na Ibra. Ilikuwa Januari, na huo ndio msimu wenyewe. Mtu akiniambia anataka kulala ndani ya bati kule mwezi wa Juni, nitamkataza.

Gari lilikuwa vani ndefu ya kawaida iliyogeuzwa chumba: kitanda cha watu wawili nyuma, kiti kinachokunjuliwa kuwa kitanda cha mtoto, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, friji, tangi la maji na bomba la kuogea linalovutwa nje kwa mlango wa nyuma. Bei haikufika riali 50 kwa siku, na kilomita 250 za kila siku zilikuwa ndani ya bei hiyo. Gari la foya, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye hema juu ya paa lilikuwa ghali zaidi, na kwa mtoto wetu kupanda ngazi usiku wa manane kwenda haja sikukuona kuzuri. Kitanda kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia. Mume wangu, ambaye mgongo wake una maneno, hakulalamika hata asubuhi moja.

Raha kubwa ya Omani ni kwamba unaegesha na kulala karibu popote, bure, ilimradi hujaingia kwenye shamba la mtu, hujajibanza kwenye nyumba za watu na hujaacha taka. Usiku wa kwanza tulipita barabara kuu ya Quriyat kuelekea Sur, tukasimama kidogo kwenye shimo la Bimmah, lile lenye maji ya kijani chini ya ngazi, kisha tukashuka Fins kwa njia ya changarawe, mwendo wa pole. Pale ni kokoto nyeupe na bahari tupu. Sharti moja tu mlishike: msilale ndani ya wadi, yaani bonde la mto mkavu, hata mbingu iwe safi kiasi gani. Mvua hunyesha milimani, huku chini hamwoni hata wingu, na maji yanakuja kwa kishindo. Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu Sharqiya ya Kaskazini, wakiwamo watoto wa shule. Wadi Shab tuliitembelea mchana, tukaacha gari chini ya daraja, tukavushwa kwa boti kwa riali moja, na kabla ya jua kuzama tulikuwa tumeshaondoka.

Sasa friji. Gari la aina hii lina betri mbili, moja ya kuwashia injini na ya pili ya taa, pampu ya maji na friji. Ya pili hujazwa injini inapotembea. Betri yetu ilikuwa imechoka tangu tulipopewa. Tulipokaa sehemu moja tangu adhuhuri hadi asubuhi ya pili, taa zikaanza kufifia na friji ikazima. Maziwa yaliganda, na samaki tuliyemnunua tukampika haraka haraka usiku ule ule. Niliwapigia simu waliotukodisha, nikaambiwa niache injini ikiunguruma kwa saa nzima. Si jawabu hilo, na niliwaambia. Tulipolirudisha gari walipima betri mbele yetu, wakakubali, wakatupunguzia kodi ya siku moja. Walifanya uungwana mwishoni, lakini betri ile ilipaswa kupimwa kabla hatujatoka Maskati.

Sur ilinigusa kuliko nilivyojua itanigusa. Huu ndio mji ambao majahazi yake yalishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakangoja kusi, yakarudi na boriti za mikoko za kuezekea nyumba za huko kusiko na miti. Fatah al-Khair, jahazi lililoundwa hapo hapo Sur na kurudishwa kutoka Yemen, limewekwa nchi kavu watu walitazame. Karibu na hapo, kwenye karakana, tulimkuta mzee amekaa kivulini, akatusikia tukizungumza.

"Nyie watu wa wapi?"

"Shikamoo babu. Sisi wa Mombasa."

"Marahaba. Mombasa wapi, Mji wa Kale?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja hasa, alizaliwa huko. Alituagizia kahawa na halua, akamuuliza binti yetu kama amehitimu msahafu. Tulikaa mpaka alasiri ikaadhiniwa. Kwa safari hii, jambo kama hili ndilo linalofanya kempavani iwe na maana. Hakuna hoteli inayotusubiri, hakuna saa ya kufika, ukipata mtu wa kukaa naye unakaa.

Ras al-Jinz ni hifadhi ya kasa, na ufukwe wake haulalwi. Unaingia na kiongozi tu, kwa makundi, usiku au kabla ya mapambazuko. Tuliegesha mbali na hifadhi, tukaingia usiku. Januari si mwezi wao mkubwa, wanakuja kwa wingi zaidi katikati ya mwaka, lakini hata Januari unaweza kumwona mmoja. Wetu alikuwa kasa wa kijani, mpana kama meza ya chai. Kiongozi alituelekeza tusimame nyuma yake tusimtishe. Alikuwa ameshataga, anafukia. Mapezi ya mbele yanachota mchanga na kuurusha nyuma kwa nguvu, unapiga miguuni mwenu, kisha anatulia, anavuta pumzi moja ndefu yenye sauti, anaanza tena. Machozi mazito yanamtoka, na hayo ni chumvi mwili wake unayoitoa. Binti yangu hakusema neno mpaka tuliporudi garini, na huyo ni mtoto asiyenyamaza.

Al Ashkharah ni mji wa wavuvi na upepo. Jiko la ndani ya gari lilituokoa, kwa sababu moto wa nje haukuwaka. Mchanga uliingia kwenye chai, kwenye shuka, kwenye nywele. Mlango wa pembeni uelekezeni upande usio na upepo kabla hamjazima injini, la sivyo mtahamisha gari gizani. Lakini asubuhi yake! Boti zinarudi, na pikapu zinashuka hadi ukingoni mwa maji, zinafungwa kamba, zinaivuta boti nzima na samaki wake juu ya mchanga. Tulinunua nguru pale pale, akakatwa vipande mbele yetu.

Kusini ya hapo kuna kipande cha lami ambacho ningekirudia kesho: bahari kushoto, matuta ya mchanga kulia, yanakufuata kilomita na kilomita. Mchanga huvuka barabara, kwa hiyo nendeni polepole na msiendeshe usiku. Kwa kempavani, hapo ndipo jangwa lilipo karibu zaidi na matairi yenu.

Jangwa la ndani tuliliingia kwa gari la wengine. Bidiyah, wenye kambi za mchangani huja kukuchukua na Land Cruiser, na vani inabaki mjini. Dereva alisimama lami ilipokwisha, akatoa upepo matairi yote manne mpaka yakalegea, ndipo akapanda. Matuta ya huko yanafika mita 100. Usiku kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta. Nililala vizuri, ila kitanda changu cha garini nilikikumbuka.

Mambo ya kila siku: petroli lita haifiki robo riali. Vyoo na maji tulivipata misikitini na kwenye vituo vya petroli. Upande wa wanawake msikitini wakati mwingine umefungwa, kwa hiyo kina mama jazeni petroli na nafasi hiyo hiyo muitumie. Tangi letu la maji lilitosha siku mbili, kwa kuoga kwa uchoyo. Kasi barabara kuu ni 120 na kamera zipo kweli.

Nikienda tena nitachukua gari lile lile, nitabaki pwani kutoka Fins hadi kusini ya Al Ashkharah, na jangwa nitalitengea usiku mmoja kwa gari la kambi. Na kabla ya kutia saini nitawataka wazime injini, wawashe friji na taa zote, waache hivyo tukinywa chai, kisha wapime betri ya pili mbele yangu.