Vermont: bodi ya kijiji au wilaya iliyounganishwa?

Katika jimbo la Vermont, Marekani, shule za umma huongozwa na bodi zinazochaguliwa na wananchi. Kwenye wilaya ndogo za shule, yaani maeneo ambayo shule zake zina bodi moja, vipo vijiji ambako Jumanne ya kwanza ya Machi watu hukusanyika ukumbini, bajeti mkononi, wakihoji mstari kwa mstari: mafuta ya kupasha joto madarasa, mshahara wa dereva wa basi, mwalimu wa muziki. Kisha wanapiga kura. Uwajibikaji huo naupenda mno. Mlipa kodi anamuuliza mjumbe uso kwa uso.

Sheria Na. 46 ya 2015 ilizisukuma wilaya ziungane. Zikiungana, ni rahisi kugawana walimu wa masomo maalumu. Lakini kijiji kidogo hubaki na wajumbe wachache kwenye bodi ya pamoja, na shule yake ikitajwa kufungwa, sauti yao humezwa. Kwa watoto wadogo, nachagua bodi ya kijiji: safari ndefu ya basi kwenye theluji inawachosha kabla ya somo la kwanza.