Kuhamia simujanja yenye vitufe halisi: uzoefu wangu

Nimeachana na simu ya kioo kitupu, sasa natumia simujanja yenye kibodi ya vitufe halisi chini ya skrini. Modeli siitaji kwa makusudi, maana mengi nitakayosema, mazuri na mabaya, yanahusu simu zote za aina hii. Na si kitochi, jamani. Ni Android kamili, WhatsApp na ramani zimo, ila theluthi ya uso wake imejaa herufi.

Kilichonihamisha ni kuandika. Kibodi ya kwenye kioo haipokei tu ulichogusa, inakisia pia ulichotaka kusema, na makisio yake yanatokana na maneno inayoyajua. Sasa Kiswahili kinapakia mtenda, wakati, mtendwa na kitendo chenyewe ndani ya neno moja. Kamusi gani itaorodhesha "nitakapowarudishia" au "hawajatuelewesha"? Kwa hiyo kibodi inaona kosa pasipo na kosa, inakubadilishia neno, na ujumbe umeshaondoka. Ukizima usahihishaji huo unabaki na herufi bapa zisizo na mpaka, ukilenga N unapata M. Kwenye vitufe halisi kila herufi ina ukingo wake, na dole gumba linajua liko wapi kabla halijabonyeza. Nimezima usahihishaji wote, na sentensi nzima naiandika bila kuangalia chini.

Kasi, hata hivyo, haijaongezeka. Nalisema hili wazi kwa kuwa wapenzi wa simu hizi huisifia kasi kuliko kitu kingine. Vitufe vinataka nguvu kidogo, na kama ulizoea kuburuza kidole juu ya kioo, siku za mwanzo utajiona unatambaa. Nilichopata ni usahihi: kufuta na kuandika upya kumepungua mno. Anayeandika barua pepe ndefu za kazi ataielewa thamani yake. Anayejibu "sawa" na kuongeza emoji hatakiona cha maana.

Ipo kero moja ambayo waandishi wa Kiingereza hawaisikii kama sisi. Ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng', haina kitufe chake, imejificha nyuma ya herufi nyingine, mpaka ubonyeze kwanza kitufe cha alt. Jaribu kuandika "kung'ang'ania" ukiwa na haraka! Namba nazo zimepanga kwenye vitufe vya herufi, hivyo nywila yenye mchanganyiko wa herufi kubwa, tarakimu na alama inageuka mazoezi ya vidole.

Upande wa raha kuna njia za mkato. Kila herufi unaweza kuipa programu yake: nikishikilia W inafunguka WhatsApp, nikishikilia K inafunguka kalenda. Tena kibodi yenyewe inahisi mguso, kwa hiyo ukisoma makala ndefu unapitisha kidole juu ya vitufe na ukurasa unasogea, bila kidole kuziba maandishi. Hilo sikulitarajia kulipenda, lakini nikishika simu ya mtu mwingine ndilo la kwanza kulikosa.

Gharama ya yote hayo ni skrini. Inchi 4.5 hivi ndicho kipimo cha kawaida kwenye simu hizi, na baadhi ni mraba kabisa. Video pana inakuwa ukanda mwembamba katikati ya weusi. Programu zilizobuniwa kwa skrini ndefu zinabanwa: kitufe cha "endelea" kinajificha chini na lazima ukitafute. Ukiwa mtu wa kutazama filamu kwenye simu, usijitese. Uzito nao umekaa juu wakati vidole vinashika chini, kwa hiyo kuandika kwa mkono mmoja ni kuitia simu majaribuni. Makava ni ya kutafuta kwa tochi. Kamera? Inapiga picha.

Anayetaka kununua aangalie umri wa mfumo endeshi kabla ya uzuri wa vitufe. BlackBerry KEY2 ya mwaka 2018 bado inatamaniwa, na kweli kibodi yake ni nzuri, yenye kisoma alama za vidole ndani ya kitufe cha nafasi. Lakini ilitoka na Android 8.1 na ikaishia hapo hapo, betri yake ni mAh 3,500, na iliyobaki sokoni betri imeshazeeka. Zile BlackBerry za zamani zaidi, zisizo za Android, hata usiziguse: huduma zake zilizimwa tarehe 4 Januari 2022. Kwa simu mpya, kampuni ya Unihertz ndiyo imeshikilia soko hili dogo kwa simu zake za Titan. Titan 2 ya mwaka 2025 ina skrini ya mraba na betri inayozidi mAh 5,000. Mwenye iPhone asiyetaka kuiacha anaweza kutazama Clicks, kava lenye kibodi lililotoka mwaka 2024. Linachomekwa kwenye tundu la chaji na kutumia umeme wa simu yenyewe, na skrini yote inabaki wazi kwa kuwa kibodi ya kioo haitokei tena. Ila simu inarefuka, kwa hiyo pima kwanza mfuko wako.