Uzoefu wangu na Saturn SL2: gari la kampuni iliyofungwa ambalo bado ninalitegemea

Gari ninalolieleza hapa ni Saturn SL2 la mwaka 2000, sedani ndogo yenye gia za mkono, ambalo ninaliendesha mjini Columbus, Ohio, ingawa kampuni iliyolitengeneza ilifungwa zamani. Wengi wetu tuliotoka pwani ya Afrika Mashariki tukaja kuishi huku hununua Toyota au Honda, na sina ugomvi na uamuzi huo, kwa kuwa ndizo gari tulizozizoea nyumbani na mafundi wetu wanazijua. Hata hivyo nimeulizwa mara nyingi, na ndugu pia na wafanyakazi wenzangu, kwa nini mtu atunze gari ambalo hakuna duka linaloliuza jipya. Jibu langu haliwezi kutengwa na historia ya Saturn yenyewe, kwa sababu ubora wa gari hili na upungufu wake vyote vimetokana na jinsi kampuni ile ilivyoanzishwa na jinsi ilivyoachwa ife.

Nililinunua kwa mama mmoja jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa mmiliki wa kwanza. Alinikabidhi funguo pamoja na bahasha nene ya risiti za huduma zote, kuanzia oili ya kwanza kubadilishwa hadi betri ya mwisho kununuliwa. Jambo alilolieleza kwa furaha zaidi ni siku alipolichukua dukani: wafanyakazi wote waliacha kazi zao, wakamzunguka, wakampigia makofi na kumpiga picha akiwa kando ya gari lake jipya. Huo haukuwa ukarimu wa duka moja tu. Ulikuwa utaratibu wa Saturn kote Marekani, na wamiliki wa zamani karibu wote wana picha ya namna hiyo.

Kampuni ya Saturn iliundwa rasmi Januari 1985 kama kampuni tanzu ya General Motors, chini ya mwenyekiti Roger Smith. Lengo lilikuwa wazi: gari ndogo za Kijapani zilikuwa zikiwachukua wateja wa Kimarekani, na General Motors haikuwa na gari dogo la kushindana nazo kwa ubora wala kwa heshima. Badala ya kuongeza gari jingine katika viwanda vya zamani, waliamua kuanza upya kabisa, wakiwa na kiwanda chao Spring Hill katika jimbo la Tennessee, mtandao wao wa maduka, na mkataba wao maalumu na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW. Wafanyakazi na mameneja 99 walikuwa wameteuliwa kuyachunguza makampuni mengine na kupendekeza namna bora ya kufanya kazi, na mapendekezo yao yakawa msingi wa kiwanda. Wafanyakazi walipangwa katika timu zilizokuwa na sauti katika maamuzi, na sehemu ya malipo yao ilifungamana na ubora na tija. Gari la kwanza lilitoka kiwandani tarehe 30 Julai 1990, likiendeshwa na Smith mwenyewe akiwa pamoja na Owen Bieber, rais wa UAW. Ninaithamini sana habari hiyo, kwa sababu viongozi wa pande hizo mbili hawakuwa na desturi ya kuketi katika gari moja.

Kwa mnunuzi wa kawaida, tofauti kubwa ilikuwa kwenye bei. Sedani ya chini kabisa ya mwaka wa kwanza iliuzwa kwa bei isiyofika dola 8,000, na bei iliyoandikwa ndiyo iliyolipwa na kila mtu. Aliyelelewa karibu na Marikiti kama mimi anajua raha ya kupatana bei, lakini kupatana bei ya gari katika duka la Marekani ni jambo lingine kabisa: muuzaji anajua gharama zote, mnunuzi hajui hata moja, na mara nyingi wanaoumia zaidi ni wageni, wanawake na wasioijua lugha vizuri. Saturn iliwaondolea watu fedheha hiyo. Mama yule aliniambia kwamba alikwenda peke yake, akalipa kiasi kilekile ambacho angelipa profesa au wakili, akaondoka bila kuhisi kwamba amechezewa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bidhaa bora kuliko zote ambayo Saturn iliwahi kuiuza.

Uaminifu huo ulipimwa mapema. Mwaka 1991 iligundulika kwamba gari fulani zilikuwa zimejazwa kipozeo, yaani maji ya kupoza injini, kilichochanganywa vibaya na msambazaji, na kipozeo hicho kilikuwa kinaharibu injini. Kampuni haikubadilisha rejeta na kufunga mjadala, bali iliwapa wateja gari jipya badala ya lile lililoathirika, na gari zilizohusika zilizidi 1,000. Mwaka 1993 gari zaidi ya 350,000 ziliitwa zirudishwe dukani kutengenezwa kwa sababu ya waya wa jenereta ulioweza kuwaka moto, na maduka mengi yakaigeuza siku ya matengenezo kuwa karamu, watu wakala nyama choma na kuoshewa gari huku wakisubiri. Kiangazi cha 1994 makumi ya maelfu ya wamiliki walisafiri hadi Spring Hill kukiona kiwanda na kukutana na watu walioziunda gari zao. Jirani yangu, ambaye wakati huo alikuwa na Saturn ya awali, alikwenda na marehemu mumewe, na hadi leo hulitaja kundi la watu waliokuwa wakiwaonyesha mahali hasa ambapo milango ilipachikwa kwenye gari. Mwaka huohuo mauzo yalifika kileleni, takribani gari 286,000.

Sasa nilieleze gari lenyewe. Milango, fenda na bampa za SL2 ni za plastiki ngumu, zilizofungwa juu ya kiunzi cha chuma, ilhali boneti, paa na mfuniko wa buti ni vya chuma. Katika jimbo linalomwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Gari za rika moja na langu zimeliwa na kutu kuanzia chini ya milango hadi juu ya matairi, ilhali ubavu wa langu hauna kutu hata kidogo. Niliwahi kuona toroli la duka kubwa likisukumwa na upepo hadi likagonga mlango wa nyuma. Mlango ulibonyea, ukarudi mahali pake, na kilichobaki ni mstari mwembamba wa rangi uliotoka kwa kitambaa chenye nta kidogo. Ukilitazama kwa karibu utaona kwamba nafasi kati ya fenda na mlango ni pana kuliko ya gari nyingine. Wengine hudhani ni uundaji mbaya, lakini plastiki hutanuka jua linapokuwa kali na husinyaa kwenye baridi, na ilibidi iachiwe nafasi ya kupumua.

Asidanganyike mtu, hata hivyo, na ubavu safi. Chuma kilicho chini kinaoza kama cha gari jingine lolote, na mirija ya breki ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza. Anayetaka kununua Saturn katika majimbo ya kaskazini ailaze tochi chini ya gari kabla ya kuisifu rangi.

Injini ni ya lita 1.9, mitungi minne, yenye nguvu za farasi 124 katika SL2. Bloku na kichwa chake ni vya aluminiamu, na muda wa vali unaendeshwa kwa cheni badala ya mkanda, kwa hiyo hakuna ile gharama kubwa ya kubadilisha mkanda baada ya maili kadhaa. Ni injini yenye kelele inapokanyagwa sana, na sitaitetea kwa hilo, lakini gari ni jepesi, gia zinaingia vizuri, na mafuta linatumia kidogo sana. Mafundi hulipenda kwa sababu mambo mengi yanafikika. Hata giaboksi ya otomatiki ya gari hizi ina filta yake ya nje inayofunguliwa kwa kuzungushwa kama filta ya oili, jambo lisilo la kawaida na la manufaa makubwa, ila anayefanya kazi kwa haraka huenda akaifungua akidhani ndiyo ya oili. Filta ya oili iko nyuma ya injini.

Kasoro inayojulikana na kila mmiliki ni oili. Pistoni za injini hii hazikuachiwa njia ya kutosha ya kurudisha oili, ringi zake hujaa masizi na kukwama, na oili huanza kuungua taratibu bila moshi mwingi na bila tone lolote chini. Injini nyingi zimekufa kwa sababu wenyewe walisubiri taa nyekundu. Fundi wangu, mzee kutoka Bukavu mwenye gereji yake huku, aliponiona mara ya kwanza na gari hili aliniambia, "Mwanangu, hili halihitaji fundi kila wiki, linahitaji mtu wa kuchomoa kijiti na kutazama." Nimemtii. Kila ninapojaza mafuta huangalia kiwango cha oili nikiwa bado kituoni, na chupa ya akiba haikosekani kwenye buti. Aliniambia pia nibadilishe sensa ya joto la injini, kwa kuwa ile ya asili ina ncha ya plastiki inayopasuka, na iliyokuja baadaye ina ncha ya shaba. Ni kipuri cha bei ndogo kinachoweza kuzuia usumbufu wa injini kugoma kuwaka au kula mafuta ovyo.

Vipuri havijanitesa kama watu wanavyodhani. Vya injini, breki na springi vinauzwa katika maduka ya kawaida, kwa sababu gari zilitengenezwa kwa wingi kwa zaidi ya miaka kumi bila mabadiliko makubwa. Vigumu kupata ni vya bodi na vya ndani: taa, vishikio vya milango, vipande vya dashibodi. Hivyo hutafutwa kwenye yadi za skrepa, na uzuri wake ni kwamba fenda ya plastiki hufungwa kwa bolti, kwa hiyo ukiipata ya rangi yako unaibadilisha nyumbani mwenyewe. Jambo moja kwa ndugu wanaofikiria kusafirisha: kwa Kenya haiwezekani, kwani sheria hairuhusu gari lenye usukani wa kushoto wala lililozidi umri wa miaka minane. Saturn ilitengeneza zenye usukani wa kulia kwa ajili ya soko la Japani kuanzia 1997, lakini mauzo yalikuwa haba na mpango ukaachwa.

Swali linalonihuzunisha ni hili: kampuni iliyopendwa kiasi hiki ilikufaje? Iliachwa na njaa. Kwa karibu miaka kumi Saturn ilikuwa na gari moja tu katika maumbo matatu, sedani, kupe (coupé) na wagoni, huku Honda na Toyota wakizifanya upya gari zao kila baada ya miaka michache. Waliolipenda walipopata watoto na kutaka gari kubwa zaidi, hawakuwa na pa kwenda ila kwa mshindani. Gari la wastani, aina ya L, lilipokuja kwa mwaka 2000, lilijengwa juu ya msingi wa Opel Vectra, gari la Ulaya, tena Wilmington, Delaware, si Spring Hill. Yakafuata VUE, gari la mtindo wa SUV, na Ion, gari dogo, na kadiri miaka ilivyokwenda kampuni mama iliurudisha uamuzi wote kwenye makao yake makuu Detroit, na ule mkataba maalumu na wafanyakazi ukaachwa. Paneli za plastiki nazo zikaondolewa. Mwaka 2007 Spring Hill iliacha kabisa kutengeneza Saturn. Kinachouma ni kwamba gari za mwisho zilikuwa nzuri: Aura ilichaguliwa kuwa gari la mwaka la Amerika Kaskazini mwaka huohuo, na Sky ni gari dogo la wazi ambalo bado linageuza vichwa.

General Motors ilipoingia kwenye ufilisi Juni 2009, kampuni ya Roger Penske, mfanyabiashara wa Marekani mwenye maduka mengi ya magari, ilikubali kuinunua Saturn, na wamiliki wengi tulipumua. Tarehe 30 Septemba mwaka huo makubaliano yakavunjika, baada ya bodi ya Renault, kampuni ya magari ya Ufaransa, kukataa mpango wa kumtengenezea Penske gari za kuuza baadaye. Maduka yalifungwa hatua kwa hatua hadi mwisho wa Oktoba 2010.

Kwa anayetafuta Saturn leo, ninapendekeza SL2 au wagoni ya SW2 yenye gia za mkono, kutoka jimbo lisilo na chumvi, na yenye risiti za oili. VUE za mwanzo zenye giaboksi isiyo na hatua za gia ziepukwe, kwani giaboksi hizo ziliharibika kwa wengi na matengenezo yake yanaweza kuzidi thamani ya gari. Ion na Sky zimo katika mwito mkubwa wa 2014 kuhusu swichi ya kuwashia, ambayo iliweza kuzima injini gari likiwa mwendoni na kuzuia mifuko ya hewa isifunguke, na watu walipoteza maisha. Kwa hiyo namba ya chasisi ichunguzwe kwanza, na kama swichi haijabadilishwa, duka lolote la Chevrolet litaibadilisha bila malipo kabla gari halijaanza kutumika.