Mfuko wa kwendea sokoni ulioshonwa jirani: upi uanze nao, upi uuache

Nina mifuko kumi na mmoja ya kwendea sokoni, na ninayoitumia ni miwili. Tisa iliyobaki imeshindiliwa nyuma ya mlango, mmoja ndani ya mwenzake. Hiyo miwili ilishonwa na mtu ninayemfikia kwa miguu, na kila mmoja umesharudi kwake angalau mara moja. Mambo ya uzalendo nawaachia wengine. Mimi nataka mpini ukikatika nijue pa kuupeleka. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kutazama kwanza kama mfuko unashoneka upya, kisha uimara, kisha sura.

Kwanza, umeshonwa hapo kweli?

Kazi ya mfuko mmoja hupita mikono mingi: kuna aliyefuma kitambaa, aliyekata, aliyeshona na aliyechapa maandishi. Mara nyingi anayejitangaza ni huyo wa mwisho. Mifuko mitupu huja kwa marobota kutoka mbali, ikapigwa picha nzuri na rangi mbili, ikauzwa kama kazi ya mikono ya jirani.

Dalili ninayoiamini iko ndani. Geuza mfuko, upande wa ndani uje nje, ufuate mshono wa ubavuni kwa kidole. Ukikuta kijipande cha utepe, hakizidi upana wa ukucha, kimebanwa kwenye mshono na ncha yake imekatwa kwa mkasi, hapo palikuwa na lebo ya kiwanda.

Muuzaji naye muulize maswali matatu, moja moja: kitambaa kimetoka wapi, nani kakata, nani kashona. Anayejibu yote "hapa hapa" bila kufikiri namtilia shaka kuliko anayesema, "Kitambaa ni cha kuagiza, ila kushona nashona mwenyewe." Viwanda vya kufuma ni vichache na mafundi ni wengi, kwa hiyo kitambaa cha mbali kushonwa jirani si aibu hata kidogo.

1. Mabaki ya turubai, kwa fundi wa makochi

Watu wengi huenda kwa fundi wa nguo, na huko ndiko wanakokosea. Cherehani ya kushonea gauni inasumbuka ikikutana na turubai lililokunjwa mara nne kwenye mpini. Sindano inavunjika, au fundi anapitisha mshono mmoja mwembamba ili amalize. Fundi wa makochi ana mashine nzito, sindano nene na uzi wa nailoni au poliesta. Tena pembeni ana rundo la vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu, vidogo mno kwa kochi lakini vikubwa vya kutosha mfuko.

Mpelekee vipimo. Sentimita 38 kwa 42 zinatosha, na kitako cha sentimita 12 ili mfuko usimame wenyewe ukiuweka chini. Mpini wa kuning'iniza begani uwe na urefu wa sentimita 65 hadi 70. Ukiutaka wa mkononi, ushike ukiwa umesimama mkono ukiwa chini: kitako kikigusa ardhi, mpini ni mrefu mno. Halafu umsisitizie jambo moja, kwamba mpini usiishie ukingoni. Ushuke ubavuni, upite chini ya kitako na kupanda upande wa pili, kama mkanda unaozunguka mzigo. Akisema utepe hautoshi, basi kila ncha iingie ndani ya pindo na ishonewe mraba wenye alama ya X katikati.

Jinzi kuukuu na mapazia mazito yanafaa vilevile. Na hapa kuna sababu nyingine ya kuweka mabaki namba moja. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha hesabu inayoonyesha kuwa mfuko mpya wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ndipo madhara yake kwa tabianchi yalingane na ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja ukatupwa. Mfuko huo wa plastiki ukitumika tena kuwekea taka, pamba inapandishiwa deni hadi mara 327. Denmark walipofanya hesabu yao mwaka 2018 wakitazama madhara ya kila aina, pamba ya kawaida ilifika mara 7,100. Deni hilo linatokana na kulima pamba na kuifuma. Suruali uliyoivaa miaka mitano imeshalipa sehemu kubwa, na kuigeuza mfuko hakuongezi shamba jingine la pamba.

2. Kikapu cha kusuka

Hiki ndicho rahisi kuliko vyote kuthibitisha kilikotoka, maana msukaji hutumia kinachoota karibu naye: miyaa, mkonge, matete, magome. Hakihitaji kuchapwa jina. Vitu vinavyopondeka hukaa salama humo, kwani ubavu wa kikapu hausinyai.

Kasoro yake ni kwamba hakikunjiki. Ukitoka kazini ukakumbuka kuwa unahitaji vitu viwili, kikapu kiko nyumbani. Ukikinunua, kipinde ukingo kidogo kwa vidole: kikilia kama kuni kavu, kimekaa juani siku nyingi na kitaanza kukatika. Mpini uchunguze pale unapoingia mwilini. Uliosukwa pamoja na kikapu hudumu. Uliofungwa baadaye kwa waya utakukwaruza, kisha utachomoka.

3. Sandarusi ya viroba vilivyotumika

Sura yake haivutii, lakini nguvu inayo. Kiroba kilichobeba kilo 50 hakitishwi na ununuzi wako wa wiki. Kinapanguswa kwa kitambaa chenye maji na kinakauka upesi. Muulize fundi kilibeba nini. Cha nafaka ni sawa, cha mbolea au dawa ya shamba kiache, hata kama kimeoshwa. Hakikisha pia kingo zilizokatwa zimekunjiwa ndani au zimepigwa utepe, maana sandarusi iliyokatwa hufumuka uzi mmoja mmoja hadi mshono unabaki umeshika hewa. Usiianike juani kutwa, huwa inakauka na kumeguka.

4. Turubai jipya la pamba

Ni zuri, linafulika, linashoneka upya. Limeshuka hadi hapa kwa ajili ya lile deni tu. Kama utalitumia kila wiki kwa miaka kumi, lipandishe hadi namba mbili mwenyewe.

Uzito wa kitambaa ndio habari. Mifuko inayogawiwa bure kwenye mikutano mara nyingi ni ya gramu 140 hivi kwa mita ya mraba; inua mkono wako ndani yake kuelekea dirishani na utahesabu vidole. Tafuta gramu 270 hadi 340. Muulize fundi kama kitambaa kilifuliwa kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba hunywea, na mfuko ulioshonwa bila kufuliwa hujikunja baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Kama una rangi, sugua kona kwa leso nyeupe iliyolowa. Leso ikitoka na rangi, shati lako nalo litatoka nayo.

5. Juti

Watu wanaipenda kwa sura yake ya asili. Sehemu kubwa ya juti duniani hulimwa India na Bangladesh, kwa hiyo penginepo kazi ya jirani huwa ni kushona tu. Ile harufu inayokaribia mafuta ya taa inatokana na mafuta yanayowekwa kwenye nyuzi kiwandani ili zilainike kabla ya kusokotwa. Juti hunywa maji, haipendi kufuliwa, na ikikaa na unyevu huota ukungu. Nyingine zimebandikwa plastiki kwa ndani. Hiyo ikianza kupasuka haina dawa. Kwa vitu vikavu tu.

6. Kile kitambaa cha plastiki kisichofumwa

Ni ile mifuko laini yenye vitundu vidogo vidogo kama imedonolewa. Mingi haishonwi, hubanwa kwa joto. Wangu ulichomoka mpini nikiwa ngazini, na chupa ya mafuta ikashuka vidato vitatu kabla yangu. Nilipoupeleka kwa fundi alipitisha sindano, kitambaa kikachanika pale pale penye tundu la sindano, akanirudishia bila kusema kitu.

Kabla hujalipa

Jaza maji dumu la lita 10, hizo ni kilo 10, ulitie mfukoni na uutikise juu chini mara ishirini. Fundi aliyeshona vizuri hatakuzuia, atasimama akuangalie. Kisha tazama matundu ya uzi kwenye mpini. Yakiwa yamepanuka, mwambie arudie.

Nunua miwili, wa tatu uwe wa nyama mbichi peke yake, na huo ufue kila ukirudi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kufua huondoa zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria. Ulifadhiliwa na jumuiya ya wenye viwanda vya kemikali, wasiopenda sana mifuko hii, lakini kwenye hilo la kufua sina ugomvi nao.

Mwisho, mwombe fundi akushonee kifuko kidogo ndani, pembeni, mfuko mzima ukunjiwe humo uwe na ukubwa wa pochi. Mfuko wangu wa kwanza haukuwa nacho, ndiyo maana nikaishia kununua hiyo tisa mingine.