Barafu Kavu ya Kusafirishia Samaki: Bidhaa Nzuri, Maelezo Haba

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwapelekea jamaa zangu wa Nairobi nguru na changu kwa basi la usiku, nikiwapanga katika barafu ya kawaida, na malalamiko yalikuwa yale yale: maji yamevuja kwenye buti na samaki wamelegea. Safari hii nilinunua kilo 3 za barafu kavu katika duka moja la hapa Mombasa.

Bidhaa yenyewe siilaumu. Barafu kavu ni kaboni dioksaidi iliyogandishwa. Baridi yake ni nyuzi 78 hivi za sentigredi chini ya sifuri, nayo haiyeyuki kuwa maji bali hugeuka gesi moja kwa moja. Boksi la foamu lilipofunguliwa Nairobi asubuhi, halikuwa na tone la maji, na samaki walikuwa wameganda kama mbao. Nguru mmoja tu aliungua ubavu, akawa mweupe na mkavu pale alipogusana na kipande, kwa sababu nilisahau kutandika gazeti. Kosa hilo ni langu.

Huduma ndiyo iliyonisikitisha. Kijana wa dukani, mwenye adabu zake, aliviokota vipande kwa mikono mitupu, upesi upesi kama mtu anayepakua chapati motoni, ilhali kuvishika kwa sekunde chache tu huunguza ngozi. Akavitia katika mfuko wa plastiki, akaupiga fundo. “Ami, weka tu garini, funga vioo uwashe AC.” Kabla sijafika daraja la Nyali, mfuko ulikuwa umevimba umekaza. Kilo moja hutoa zaidi ya lita 500 za gesi, ndiyo maana chombo kilichozibwa kabisa huweza kupasuka kwa kishindo. Gesi hiyo haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Katika gari dogo lenye nafasi ya lita 3,000 hivi, robo kilo ikigeuka gesi na vioo vimefungwa yatosha kukaribia asilimia 4, kiwango kinachohatarisha uhai papo hapo. Nilifungua fundo, nikateremsha vioo vyote, nikavumilia joto.

Bango la dukani linadai kwamba barafu hii haichafui mazingira. Dai hilo ni kweli iwapo gesi imenaswa kiwandani, kwa mfano kwenye utengenezaji wa mbolea, kwani ingetoka angani vyovyote vile, ijapokuwa umeme wa kuigandisha nao una gharama yake. Lakini nchini mwetu gesi hii huchimbwa pia ardhini, huko Kereita, Kiambu, na hiyo ingebaki chini kama isingetolewa. Nilipouliza yao imetoka wapi, hapakuwa na aliyejua.

Nitarudi kununua, nikiwa na glavu nene na boksi ambalo kifuniko chake hakizibi hewa. Mfuko wa plastiki nitawaachia wenyewe.