Conversations na Element: uzoefu wangu wa kuchati bila namba ya simu

Kwa mazungumzo ya mtu na mtu, Conversations kwenye Android imenitosha kabisa. Kwa vikundi natumia Element. Zote mbili ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na hakuna inayodai namba ya simu. (Signal nayo ni huria, lakini seva zake ni za shirika moja na kujisajili kunataka namba.)

Conversations hutumia XMPP, itifaki (kanuni za pamoja za mawasiliano) iliyoanza mwaka 1999 ikiitwa Jabber. Anwani yako inafanana na ya barua pepe: jina, alama ya @, kisha seva uliyoichagua. Dada yangu yuko kwenye seva nyingine kabisa, tena anatumia Dino, programu nyingine ya XMPP, kwenye kompyuta, na tunachati bila shida yoyote. Hapo ndipo iliponiteka. Programu ikikuchosha unaweka nyingine, na watu wako wote unawakuta palepale. Kuhama seva ndiyo kazi, kwa sababu anwani inabadilika na itabidi umwarifu kila mtu.

Nilihofia betri, lakini sijaona tofauti. Picha, ujumbe wa sauti na simu za video vyote vimo. Kwenye F-Droid, duka la programu huria, ni bure. Mimi niliinunua Google Play, watengenezaji nao wale.

Element inatumia Matrix, itifaki ya mwaka 2014, ambayo serikali ya Ufaransa imeitumia kujenga Tchap, programu ya kuchati ya watumishi wake. Kila seva yenye mwanachama kwenye kikundi huweka nakala ya mazungumzo, kwa hiyo seva moja ikizimika wengine wanaendelea. Ndiyo sababu ya kuipenda kwa vikundi. Lakini ni nzito, na ina ufunguo wa kurejesha, yaani msimbo mrefu wa siri wa kufungulia ujumbe wako wa zamani kwenye kifaa kipya. Ukiupoteza pamoja na vifaa vyako vyote, ujumbe wa zamani uliosimbwa (uliogeuzwa usisomeke na mwingine) haufunguki tena, wala hakuna wa kumpigia simu akusaidie. Mama yangu nilimwandikia wake kwenye daftari, na nikamsisitiza asilichane.

Jambo ambalo wapenzi wa mifumo hii hulipitia harakaharaka: usimbaji unaficha maneno yenu, hauwafichi ninyi. Mwenye seva bado anaweza kuona nani anawasiliana na nani na saa ngapi. Seva nyingi pia zinaendeshwa na watu wa kujitolea, na mtu akichoka anaifunga. Kabla ya kujisajili soma nani anaiendesha, imedumu muda gani na nani anailipia. Mimi hutumia muda mwingi zaidi hapo kuliko kwenye kuchagua programu.

WhatsApp bado ninayo. Kikundi cha ukoo hakihami, na sina nguvu ya kubishana na mashangazi.

Anayeanza, achukue Conversations na amshawishi mtu mmoja tu anayeongea naye kila siku. Mwenye iPhone ajaribu Monal, nayo ni ya XMPP. Element isubiri kwanza mpaka upate kikundi kilicho tayari kuhamia huko.